Bei ya Namba Ishirini na Nne

"Dola sitini elfu. Usishuke hata senti."

"Mtu mwenyewe kasema kumi na tano, Lavelle."

"Kwa sababu anakuona boya. Mtu ana mkataba wa mamilioni, anakutajia kumi na tano kama anakununulia soda, na wewe unakaa kimya."

"Sikukaa kimya. Nilimwambia nitafikiria."

"Sasa hicho si ndio kimya chenyewe, binamu?"

Walikuwa kwenye gari la Terrick, kwenye maegesho ya kambi, injini inanguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, maana Agosti ya Louisville haina huruma. Gari lilikuwa kubwa kuliko haja, la kukodi kwa mwezi, na kodi yake ilimkaba Terrick kooni. Wazo la gari lilikuwa la Lavelle. Mawazo mengi yalikuwa ya Lavelle, mtoto wa mjomba wake, aliyemfuata kutoka Mississippi akisema mchezaji bila msimamizi ni kuku bila banda.

Terrick Odom alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kukumbatiana, na alikuwa beki wa nyuma kabisa, yule anayebaki peke yake wenzake wote wakishapitwa. Mwaka jana alicheza mechi nne tu, mgongoni ana ishirini na nne. Hakuichagua hiyo namba. Alipewa kule stoo siku ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Halafu mwezi uliopita timu ikamsajili Cortland Bivens, na Bivens hajawahi kuvaa namba nyingine tangu yuko shule.

Kwenye ligi hii namba ni ya aliyeivaa kwanza. Mgeni akiitaka anaongea na mwenyewe, na maongezi hayo hayaendi bure. Kuna waliolipwa saa ya dhahabu, kuna waliolipwa pikipiki, kuna mmoja alilipwa safari ya Hawaii yeye na mkewe na mama mkwe. Kocha haingilii. Lakini ukitemwa, namba inarudi stoo, na stoo haiuzi kitu, inagawa bure.

Hapo ndipo palipomuuma Terrick. Kambini walikuwa watu tisini. Jumanne saa kumi jioni kikosi kinafungwa, wanabaki hamsini na tatu. Mabeki wa nyuma wangebaki wanne, na yeye kwa hesabu za wengine alikuwa wa nne, kwa hesabu za wengine wa tano. Akibaki, namba ni mali. Akitemwa kabla hajauza, amelala na mali imeoza. Na kwao Yazoo City nyumba ya mama yake ilikuwa imefunikwa turubai tangu kimbunga cha Aprili kilivyobeba nusu ya paa. Mama alikuwa ameacha kuulizia hilo paa, na Terrick aliona heri angekuwa anauliza.

"Mimi nataka kitu cha uhakika," alisema.

"Uhakika ni sitini," Lavelle alijibu, akaongeza kiyoyozi.

Jioni hiyo Terrick alimfuata Bivens kwenye bwalo la chakula. Bivens alikuwa amekaa mwenyewe na sahani ya kambale wa kukaanga, pembeni ndizi nne alizochukua za kupeleka chumbani, kwa sababu ni za bure. Miguuni alivaa ndala zenye nembo ya timu aliyoihama miaka sita nyuma. Wachezaji walimcheka kwa ubahili, lakini walimcheka kwa sauti ya chini. Alikuwa na maduka ya kufulia nguo kwenye miji mitatu, yale ya kutumbukiza sarafu, na yote yameandikwa Ishirini na Nne kwa taa nyekundu.

"Sitini," Terrick alisema, akakaa.

Bivens alitafuna kwanza. "Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Nimefikiria mwenyewe."

"Ungefikiria mwenyewe ungesema ishirini na tano, tungekutana ishirini, tungemaliza. Sitini amekutajia mtu asiyekuwa na cha kupoteza. Yule wa kwenye gari?"

"Wewe unaihitaji hii namba, braza. Mabango yako yote yana hii namba."

"Naihitaji. Nikivaa thelathini na moja, watoto wataniuliza mimi ni nani. Lakini sikiliza, dogo. Mimi naihitaji mpaka nitakapostaafu. Wewe unayo mpaka Jumanne."

"Nikibaki je?"

"Ukibaki tutaongea vizuri zaidi. Nakuombea ubaki." Akaokota ndizi zake. "Ila mimi sina haraka."

Terrick alirudi garini akamweleza Lavelle, na Lavelle akasema huyo mzee anatapatapa.

Alhamisi ilikuwa mechi ya mwisho ya kujipima nguvu. Robo ya pili beki wa kwanza, Hollis, aliangukiwa goti na mtu wa kilo mia na arobaini, akatolewa kwenye kigari. Terrick akaingia. Alikaba vizuri, akanyang'anya mpira mmoja, akachelewa kugeuka mara moja tu na ile mara moja hawakumfunga. Uwanja ulishangilia kidogo, kama unavyoshangiliwa mchezaji ambaye watu hawajui jina lake.

Ijumaa Lavelle alikuwa mtu mwingine. "Hollis kaumia. Sasa wewe ni wa tatu. Hawawezi kukutema, hawana mtu. Bei ipande, sabini."

"Wewe Lavelle una kichaa."

"Hesabu ndiyo inayosema, si mimi."

Na kusema kweli hata Terrick aliiona hivyo. Jumamosi Bivens alimpita korido ya chumba cha kubadilishia nguo, akasema bila kusimama, "Ishirini. Mwisho." Terrick akasema atafikiria. Alikuwa ameanza kuonja utamu wa kutafutwa, na utamu huo haujawahi kumwacha mtu na akili zake zote.

Jumanne saa nane mchana Mtoa Roho alimgusa bega.

Mtoa Roho alikuwa kijana mpole wa ofisini, ana shati jeupe na viatu visivyotoa sauti. Kazi yake siku hiyo ni moja tu, kupita kwenye vyumba na kusema, "Meneja anakuita, njoo na kishikwambi chako." Ukiambiwa uje na kishikwambi, chenye mipango yote ya timu, umekwisha. Watu walikuwa wakimwona wanajifanya wanafunga kamba za viatu. Terrick naye alikuwa anafunga kamba.

Meneja alikuwa mama wa makamo, sauti yake kavu. Hakumzungusha.

"Terrick, tunakuacha leo, tunakurudisha kesho. Nisikilize kabla hujakasirika. Hollis atapona Novemba. Tukitaka kumtumia Novemba, sheria inataka awe kwenye orodha leo inapofungwa, kesho ndipo tumhamishie kwa majeruhi. Kwa hiyo leo anakalia kiti chako. Kesho anakupisha."

"Kesho asubuhi?"

"Kesho."

"Mtaniandikia?"

"Hilo haliandikwi. Tukiliandika ni kosa kwa ligi. Una neno langu."

"Na timu nyingine ikinichukua?"

"Basi utakuwa na kazi kwingine. Sitegemei."

Alimpa mkono. Terrick akatoka amebeba neno la mtu, na neno halina uzito, ukilifumbata linapita katikati ya vidole.

Lavelle alikuwa anamsubiri chini. Aliposikia, alishika kichwa, kisha akakiachia upesi.

"Nani anajua?"

"Yeye, mimi, na Mtoa Roho."

"Na orodha inatoka saa kumi. Sasa hivi ni saa nane na nusu." Lavelle alimshika mkono. "Kauze. Ishirini, hiyo hiyo. Kauze sasa hivi."

"Namba si yangu tena. Nimeshatemwa."

"Amejua nani?"

"Kesho nikirudi, Lavelle? Nikirudi nikamkuta?"

"Ukirudi." Lavelle alicheka bila furaha. "Unaamini utarudi? Niambie tu kwamba unaamini, na mimi nitanyamaza."

Terrick alisimama pale kwenye ngazi akitafuta hicho kitu ndani yake. Kama anaamini watamrudisha, hawezi kumdanganya mtu atakayecheza naye ubavu kwa ubavu. Kama haamini, ishirini elfu zinapita mbele yake kwa mara ya mwisho maishani. Alimwona mama yake anasogeza ndoo chini ya tobo. Alilikumbuka lile neno, halijaandikwa.

Alimkuta Bivens chumba cha barafu, amezama mpaka kiunoni kwenye beseni, anasoma kitu kwenye simu.

"Ishirini," Terrick alisema. "Nimekubali."

Bivens aliishusha simu. "Kwa nini leo?"

"Nimechoka kubishana. Binamu yangu ananichosha."

"Umeitwa juu leo?"

"Sijaitwa."

Neno lilitoka jepesi, hata yeye alishangaa. Bivens alifuta kidole chake kwenye taulo, akabonyeza simu mara kadhaa. Simu ya Terrick ikatetemeka mfukoni.

"Umefanya la maana, dogo," Bivens alisema. "Kafunike nyumba ya mama yako."

Terrick hakujua kama aliwahi kumwambia habari ya nyumba. Labda watu wote walijua. Alitoka, na kabla hajafika garini alikuwa ameshamtumia fundi paa elfu nane. Lavelle alisema elfu mbili ni zake, za kodi ya gari na kazi ya kichwa, na Terrick alimpa ili anyamaze. Orodha ilipotoka, jina lake halikuwemo. Lavelle akaagiza mabawa ya kuku ya kujipongeza. Akayala peke yake.

Jumatano asubuhi simu haikulia. Ilipofika saa sita Terrick alikuwa ameshafunga begi, na kusema ukweli alikuwa amepumua. Alijiona mjanja, aliyewahi. Saa saba simu ikalia.

"Njoo," sauti kavu ilisema. "Ila mambo yamebadilika kidogo. Tumempata beki kutoka timu nyingine, hicho kiti amepewa yeye. Wewe utakuwa kikosi cha mazoezi. Unalipwa kila wiki, na wiki yoyote tunaweza kukupandisha au kukuacha. Unakuja?"

"Nakuja," alisema, kwa sababu hakuwa na pa kwenda kwingine.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimeshajua. Mzee wa stoo alikuwa amemwambia Bivens jana ile ile jioni, alipoenda kuchukua jezi: namba ilikuwa huru tangu saa nane, ungekuja tu ungechukua. Chumba cha wanaume hamsini hakiweki siri hata ya choo.

"Oya Terrick," mmoja aliita, "hili benchi la nani? Unauza?"

"Mwacheni, ana mashimo ya barabarani huyo, anauza kwa jumla."

"Muulizeni kama bafu lina mwenyewe."

Kwenye kabati lake ilining'inia jezi namba arobaini na sita. Alivaa bila kuinua macho. Alipomaliza alivuka chumba mpaka kwa Bivens, na makelele yakapungua kidogo, maana watu walitaka kusikia.

"Nina elfu kumi zimebaki," alisema. "Nakurudishia sasa hivi. Nyingine zimeenda kwenye paa. Na mbili kwa Lavelle."

"Mbili kwa Lavelle," Bivens alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi. "Ulikuwa umeitwa juu?"

"Nilikuwa nimeitwa."

"Ukaniangalia ukasema hujaitwa."

"Ndiyo."

"Ulidhani hawatakurudisha."

"Ndiyo. Sikuwaamini."

Bivens alifunga kamba ya kiatu cha kushoto, akaikaza, akahamia cha kulia. Terrick alisubiri tusi. Alikuwa amejiandaa kwa tusi, hata kwa ngumi.

"Tuma hizo kumi," Bivens alisema. Terrick akatuma. Bivens aliangalia simu mpaka zikafika. "Zimebaki kumi. Kikosi cha mazoezi mnalipwa Jumanne. Utaniletea elfu moja kila Jumanne, wiki kumi. Utaleta mwenyewe, mkononi, si kwa simu. Nataka nikuone."

"Sawa, braza."

"Na ukitemwa wiki ya tatu?"

Terrick alirudisha simu mfukoni.

"Mimi huwa sikopeshi watu, hii si tabia yangu," Bivens alisema. Alisimama, mrefu kuliko alivyoonekana kwenye beseni. "Una makosa mawili. La kwanza unamsikiliza yule wa kwenye gari. Hilo ni lako, mimi halinihusu. La pili unageuka polepole ukiwa unarudi nyuma, mguu wa kulia unauvuta kama umefungwa jiwe. Makocha wameliona tangu Alhamisi, ndiyo maana wamemleta yule mwingine. Hilo sasa linanihusu, maana ni pesa yangu inayogeuka polepole. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe uwanjani kabla ya makocha. Usije na binamu."

"Nitakuja."

"Sikukuuliza kama utakuja."

Alichukua kofia yake ngumu, akageuka, akaelekea uwanjani bila kuangalia nyuma.