Kobe wa Babu Ndululu

"Ni nani alisugua hii kitu?" Njogu aliuliza, jicho bado limebanwa kwenye kioo cha kukuzia.

"Ni mimi."

"Na nini?"

"Jivu na mchanga. Kama sufuria."

Njogu hununua vito na vitu vya kale pale Mtito Andei. Alishusha pumzi ndefu. Mimi nachomelea vyuma Zombe, na chuma unakisafisha kwanza ndipo ukione. Kumbe fedha si chuma.

Babu Ndululu alirudi na sarafu hiyo kutoka vitani Misri. Alisema alipewa na askari Mgiriki ambaye yeye babu alimwokoa kwenye moto wa mizinga. Upande mmoja kobe, upande wa pili shimo la mraba, herufi hata moja hakuna. Kwa hilo pasta wa dada yangu Muthoki akasema ni kithitu, kitu cha viapo na laana, kichomwe Jumapili. Muthoki alinipa siku tatu.

"Leta karatasi inayosema ni pesa, na ni ya nani. La sivyo, inaingia motoni."

Njogu aliipima: gramu kumi na mbili. Akalinganisha ule mraba na picha kwenye simu.

"Babu yako hakudanganya. Ni ya kisiwa cha Egina, Ugiriki. Lakini huko walichora kobe wawili. Wa kwanza wa baharini, gamba laini. Baadaye sana wa nchi kavu, gamba la vigae. Wako ni yupi?"

Nilitazama. Nilichunga mbuzi wakati wenzangu wakiwa darasani. Kobe namjua kuliko kalamu. Huyu alikuwa laini kama kokoto ya mtoni.

"Andika Egina, basi."

"Siandiki nusu, mzee. Jibu umelisugua mwenyewe."

Nilijitukana kutoka Kibwezi hadi Kitui.

Muthoki alikuwa akipepeta ndengu. Nilimweleza yote, hata jivu.

"Ujinga wako hauzeeki," alisema.

Kisha akasawazisha ndengu kwenye ungo, akachora kwa kidole: duara, safu katikati, visanduku huku na huku.

"Vigae kumi na vitatu. Si babu alitufundisha kuhesabu navyo, kwenye sarafu hiyo hiyo? Wewe ulikuwa unakwama kwa tisa."

Akanyoosha mkono. Nikampa sarafu. Kidole chake kilipita juu ya ule ulaini polepole, kikisimama, kikisogea, midomo yake ikihesabu.

Jumapili alienda kanisani mikono mitupu.