Jibu Nililompa Bibi Maeng

Mtu aliyelala kifudifudi, uchi, ana sabuni mgongoni, hawezi kukimbia. Hiyo ndiyo siri yangu, na sijawahi kuificha. Wenzangu kanisani wanahangaika na vikaratasi kwenye stendi ya mabasi, watu wanawapita bila hata kuwatazama. Mimi nasubiri tu kwenye bafu la umma la wanawake hapa Tongyeong, mji wa bandari Korea, kando ya bwawa la maji moto, glavu ya kusugulia mkononi. Wanakuja wenyewe. Nawatoa nongo dakika arobaini, na ndani ya dakika hizo arobaini lazima Yesu atajwe.

Sianzi na Yesu, mimi si mjinga. Naanza na magoti, na mkwe, na bei ya kabichi. Mtu akilalamika kwamba hapati usingizi, namwambia, "Mimi nalala fofofo, unajua kwa nini?" Hapo tayari nimeingia. Wengine hununa. Mmoja aliniambia, "Shemasi Pyo, nimelipia kusuguliwa, sijalipia mahubiri." Nikamjibu, "Mahubiri ni ya bure, geuka ubavu." Nikampiga kofi dogo la kiuno, akageuka.

Kila vuli kanisa letu hubandika ukutani orodha ya watu tunaowaombea waokoke, na kando ya kila jina huandikwa jina la aliyemleta. Nasema ukweli, nilipenda kuliona jina langu pale likijirudia kuanzia juu mpaka chini. Nilipenda kupita kiasi.

Bibi Maeng Gannan alikuwa mteja wangu wa Jumatano alfajiri. Alikuwa na miaka sabini na minne, kazi yake kubandua chaza kwenye banda la bandarini, vidole vyote vina makovu ya kisu, mdomo mkali kuliko hicho kisu. Nilimwita dada, maana bafuni kwetu kila mteja ni dada hata kama hana jino kinywani.

"Huyo Yesu wako," aliniuliza siku moja, shavu kalilaza juu ya kitanda cha plastiki, "na yeye anasugua watu?"

"Anasugua mpaka ndani, dada."

"Basi mwambie aje atusaidie chaza. Tuna upungufu wa watu."

Nilicheka mpaka nikammwagia maji ya baridi. Kisha nikaenda kuliandika jina lake kwenye orodha.

Alinitania hivyo miaka miwili. Halafu, mwaka jana majira ya kuchipua, hakutania. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sang-deok, kijana wa kusambaza mitungi ya gesi kwa pikipiki. Lori lilimgonga barabara ya bandarini akiwa na miaka ishirini na sita, hajaoa. Kwa desturi yetu mtoto ndiye anayemwandalia mzazi meza ya wafu, chakula cha roho ya marehemu, mzazi hamwandalii mtoto. Bibi Maeng hakujali desturi. Kila Novemba, jioni ya siku aliyokufa kijana, alipika wali, supu ya mwani na samaki wa kukaanga, akasimamisha kijiko kwenye bakuli la wali, akaacha lango wazi kidogo ili kijana aingie. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa.

"Nikija kwa Yesu wako," alisema, "meza ya Sang-deok naruhusiwa?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, dada, ngoja niulize. Lakini nilikuwa nimemwombea miaka miwili, na roho yake ilikuwa imefika mlangoni, niliiona. Nikajibu papo hapo, mkono haujasimama hata kusugua.

"Wafu hawali, dada. Anayekuja pale mezani siye Sang-deok. Ni shetani kavaa sura yake."

Mgongo wake ukakakamaa chini ya glavu yangu.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nimekuwa namlisha nani?"

"Yameshapita hayo. Funga lango. Akija, usimfungulie. Sema, kwa jina la Yesu, ondoka."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, kavaa koti lake la sherehe, wakambandika ua jekundu kifuani kama mgeni. Nililia. Nililia kwa furaha, na kwa kujipongeza pia, siwezi kutenganisha.

Tangu Novemba ya mwaka huohuo akaanza kukonda. Kanisani alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, sikio kalielekeza nje. Bafuni aliniomba nimgeuze kichwa upande wa kuingilia. Nilidhani ni uzee. Alikariri masomo yote ya ubatizo bila kukosea neno, na mchungaji akamsifu, akapanga abatizwe Jumapili ya tatu ya Novemba mwaka huu. Wala sikumuuliza mbona hacheki tena.

Jumatano kabla ya ubatizo alijilaza mbele yangu, mbavu zinahesabika. Tulikuwa wawili tu. Akasema, bila kuninyanyulia macho:

"Mwaka jana alikuja."

"Nani?"

"Usijifanye. Sikupika kitu. Nilifunga lango kwa komeo, nikakaa kibarazani. Akapiga lango kule chini, kwa ncha ya kiatu. Alikuwa anapiga hivyo tangu zamani, kwa sababu mikono imejaa mitungi. Nikasema yale uliyonifundisha. Akatulia. Halafu akapiga tena, polepole, kama mtu anayeona aibu kuwasumbua majirani. Nikasema tena, kwa sauti. Nikasikia hatua zinaondoka." Akageuza uso kunitazama. "Shemasi, shetani anaona aibu?"

Mimi nina majibu. Miaka thelathini najibu watu. Ningesema ni upepo, ningesema ni paka, ningesema ni majonzi tu. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye ndoo, ikajaa, ikamwagika miguuni pangu.

"Keshokutwa ni siku yake," aliendelea. "Jumapili nabatizwa. Yesu wako nimempenda, sikudanganyi. Ila kama kwake hakuna nafasi ya Sang-deok, mimi siingii. Nikakae raha mustarehe, mwanangu yuko nje, tena nimemfukuza kwa mdomo wangu? Heri nikakae naye hukohuko. Ile siku ulinijibu haraka. Njoo nyumbani Ijumaa, unijibu taratibu."

Siku mbili hizo sikumtajia mteja yeyote Yesu. Mmoja akanitania, "Vipi Shemasi, leo Yesu kasafiri?" Nilijaribu kucheka. Kila ndoo iliyogonga sakafu ilinishtua. Nilikuwa nasikia kiatu. Mchungaji nilimwendea, akaniambia kwa upole kwamba huzuni ya mama huwa na masikio yake. Huenda. Lakini si yeye aliyeulizwa na mama huyo, shetani anaona aibu? Nilikuwa namwona yule kijana, ambaye sikumjua hata sura, kasimama barabarani na mitungi yake, hajui kosa lake. Nilimwogopa, na nilimwonea huruma, na nilijua kwamba kama yuko, mimi ndiye niliyemfungia lango.

Ijumaa nilifika kwake jua linazama. Nyumba yake iko mlimani, ya zamani, ina lango la mbao. Aliniingiza, akarudisha komeo. Hakuwa amepika. Alikuwa amekaa kibarazani amevaa koti, mikono mapajani, mtiifu mpaka nikaona aibu. Nikaketi kando yake. Hakukuwa na utani.

"Haya," alisema. "Nijibu."

"Dada, sijui."

Ni neno dogo. Sikuwahi kumwambia mtu neno hilo katika mambo ya Mungu, wala bafuni wala kwingine.

"Ulisema kama mtu anayejua."

"Nilitaka uje. Nilitaka sana uje, nikasema tu. Nisamehe."

Akageuka kulitazama lango. Taa za bandarini zikawaka moja moja. Baridi ilikuwa inapanda kutoka kwenye mawe ya uwanja, na nikaanza kufikiri nimshike mkono nimpeleke ndani, kwamba hapatatokea kitu, kwamba tutakunywa chai na Jumapili nitamtafutia koti lake la sherehe.

Lango likapigwa kule chini.

Si kwa nguvu. Ubao ulitetema, vumbi la kutu likadondoka kutoka kwenye komeo. Nilimtazama Bibi Maeng nikitumaini hakusikia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Basi nenda wewe. Wewe ndiye unayemjua huyo Bwana. Mfukuze au mfungulie, utakalofanya nitalifuata."

Nilivuka ule uwanja. Ni hatua kumi tu. Nikashika komeo kwa mkono mmoja, mkono mwingine nikauweka kwenye ubao, na maneno yale ninayoyajua, ondoka kwa jina la Yesu, yalikuwa yamekaa kwenye ulimi. Upande wa pili mtu alibadilisha mguu wa kusimamia, jinsi anavyofanya aliyebeba kitu kizito.

Nyuma yangu Bibi Maeng akaanza kuomba. Hajawahi kuomba kwa sauti, hata darasani mchungaji hakumlazimisha. Hakufumba macho wala hakuinama.

"Bwana Yesu, mimi Gannan. Mtoto wangu yuko nje hapo, na mwaka jana nilimfukuza, niliambiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anawapandishia wazee mitungi mpaka jikoni, hadai ziada. Hakukujua wewe kwa sababu hakuna aliyemwambia, na mimi mwenyewe nilikuwa sikujui. Wewe unaingia kwa wafu na kutoka, mimi miguu imechoka. Mwingize. Ukishamwingiza, Jumapili nitakuja unibatize. Kama huwezi, usiniite tena, nitakuelewa. Amina."

Akasubiri niitikie. Kanisani mimi ndiye mwenye amina kubwa kuliko wote, watu hugeuka kunitazama. Nilijua kwamba nikiitikia hii, nimeitikia jambo ambalo sikufundishwa, na kwamba Jumapili mchungaji akiniuliza sitakuwa na maelezo.

"Amina," nikasema.

Nikavuta komeo. Kabla sijalivuta lango lenyewe, lilinisukuma kiganja, taratibu, kwa adabu, na nikarudi nyuma kupisha. Bibi Maeng alikuwa tayari amesimama.

"Viatu vyako acha hapo hapo," alisema, si kwangu. "Ngoja nikupikie supu."