Bluu Kikombe Kimoja

Mwalimu alikuwa wa hesabu, na mtaani walisema hata ndotoni anasahihisha. Mkewe, msusi mwenye domo la cherehani, ndiye aliyemshusha: "Mume wangu, punguza namba, ongeza maneno." Sasa msusi amefariki, na kile chumba cha mbele alichosukia nywele na kuchambulia umbea kimebaki na kiraka cha saruji ukutani, pale fundi bomba alipobomoa kutafuta maji yanakovujia.

Binti yao, wa darasa la saba, alitaka jambo moja tu: kiraka kipakwe rangi ya mama. Haikuwa rangi ya dukani. Mama aliichanganya mwenyewe, na kila mteja aliyeisifu alipewa siri bure: bluu kikombe kimoja, nyeupe vitatu.

Jumamosi Mwalimu akapiga magoti mbele ya ndoo. Kimoja kwa vitatu, akawaza, nyeupe imezidi kwa viwili. Basi akamimina bluu vitano, nyeupe saba. Akakoroga, akapaka. Kikatoka kitu kizito kama wingu la mvua.

Dada yake, aliyehamia hapo tangu msiba na mizigo yake na maoni yake, akashika kiuno. "Kaka, huo ukuta umepigwa na nani?"

Binti hakucheka. Akasema polepole, kama anayemwamsha mgonjwa: "Baba, umejumlisha. Ulitufundisha tuzidishe."

Mwalimu akaitazama ndoo. Kosa hilo amelikata kwa kalamu nyekundu miaka nenda miaka rudi, akidhani ni uvivu wa watoto. Kumbe lina mvuto wake: pengo limebaki lilelile, nawe unaamini na kilichokuwepo kimebaki kilekile.

"Bluu vitano vinataka nyeupe kumi na tano," binti akasema. "Tuongeze nane."

Wakaongeza. Rangi ikalainika, ikawa yenyewe, hata shangazi akanyamaza, jambo la nadra. Lakini kiraka kilipopakwa upya na kukauka, kiling'aa katikati ya ukuta kama jino la bandia. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila ukuta wa zamani ulishakula miaka ya mvuke, mafuta ya nywele na migongo ya waliocheka wakajitupa nyuma. Karibu na kioo palikuwa na weusi kidogo, alama ya bega la mama, alipoegemea kusubiri mtu amalizie habari.

"Ndoo bado imejaa," shangazi akasema. "Pakeni ukuta wote, mambo yalingane."

"Hapana," akasema Mwalimu.

"Baba, watu wakija wanakitazama kiraka, halafu wananitazama mimi." Binti akaokota rola. "Kila siku. Siwezi."

Mwalimu akaitazama ile alama karibu na kioo. "Basi anzia kule mbali," akasema.

Walipofika kwenye kioo, binti akampa baba yake rola, akageuka. Mwalimu akapaka.

"Haya!" shangazi akapiga makofi. "Kama siku ile alipoupaka mwenyewe!"

Ni kweli, ukuta ulikuwa wa siku ile, kabla mtu hajauegemea. Binti akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia bila sauti. Mwalimu akasimama nyuma yake kama msusi asiyejua kusuka, mikono imejaa bluu hadi viwikoni, asijue aiweke wapi.