Aliyebaki Ghorofani

Mwalimu mkuu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na ndiye aliyempendekeza kwa bodi. Kazi ilionekana nyepesi: yeye, mshauri wa elimu jumuishi na usawa, akague shule, kisha aiambie bodi kama iko tayari kupokea watoto wenye ulemavu. Asubuhi dada alimpigia simu kumkumbusha kwamba mumewe anasubiri kupandishwa cheo, asije akamtia doa bure.

Hadi mchana hakuwa ameona la kumtia mtu doa. Njia ya mteremko langoni ilikuwa mpya, saruji bado mbichi pembeni. Kisha akapanda ghorofa ya pili, na darasani, karibu na dirisha, akamkuta binti kwenye kiti cha magurudumu. Akamuuliza huwa anapandaje. Binti alisema baba humbeba asubuhi kabla ya kwenda kazini, humshusha jioni. Mchana kutwa hanywi maji, maana choo kiko chini. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu aliyeulizwa saa.

Mshauri alikuwa anayaandika hayo kwenye daftari kengele ya dharura ilipolia. Wanafunzi wakatoka mbio. Mwalimu wao alisita mlangoni, akamtazama binti, akazitazama ngazi, akashuka.

"Anti, wewe nenda tu," binti alisema. "Mimi huwa nabaki. Ni mazoezi."

Lakini ngazini moshi ulikuwa unapanda, una harufu ya plastiki inayoungua.

Mshauri alivua viatu, akambeba binti mgongoni. Hawakufika hata kwenye kona ya ngazi, uzito ukamshinda. Wakaketi wameegemea ukuta, wamejiziba pua kwa mtandio mmoja. Binti sasa alikuwa amemng'ang'ania mkono. Kutoka uwanjani ilisikika sauti ya shemeji kwenye kipaza sauti, akiwashukuru wanafunzi kwa kutoka wote salama.

Mshauri alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Aliyepanda alikuwa shemeji mwenyewe, leso mdomoni. Alimchukua binti mikononi akashuka naye, mshauri akimfuata kwa kupapasa ukuta.

Zilikuwa betri zilizoungua stoo ya maabara, na moto ulizimwa kabla haujasambaa. Jioni ile bodi ilikutana. Mwenyekiti aliwapongeza walimu kwa utulivu wao, kisha akamgeukia mshauri. Shemeji alikuwa ameinamia meza.

"Shule haiko tayari," mshauri alisema. "Mmetoka wote mkamwacha mtoto mmoja, na hakuna aliyeshtuka. Hata yeye hakushtuka. Amezoea kuachwa."

Mwenyekiti alimwomba asikuze mambo. Dharura ni dharura. Hapo shemeji akainua kichwa.

"Anasema kweli. Baba wa binti aliniomba darasa lihamie chini tangu mwanzo wa mwaka. Nilimwambia hakuna nafasi. Nafasi ilikuwepo. Ni ofisi yangu na chumba cha wageni."



Wiki iliyofuata ukuta kati ya vyumba hivyo viwili ulibomolewa, darasa likashushwa, mwalimu mkuu akahamia ghorofani. Cheo hakikuja. Dada aliacha kupokea simu za mdogo wake. Walipokutana kwenye arusi ya ndugu yao, alimpa mkono kama mgeni, akapita. Shemeji ndiye aliyerudi nyuma, akamuuliza kama ameshakula.