Kamba Nne za Mke Mwenza

Injini ilikuwa bado inaning'inia kwenye mnyororo, inazunguka polepole kama mgeni anayetafuta mlango, kijana alipoipiga bodi ya pikapu kwa kiganja.

“Ishushe hapo hapo mwishoni, fundi! Tukifika isitusumbue kuiteremsha.”

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alimtazama mama wa kijana kabla ya kulegeza mnyororo. Mama alisimama mlangoni mwa chumba cha kusagia, unga umemganda kwenye nyusi.

Marehemu mumewe aliinunua injini hiyo ikiwa kuukuu, akaifungua na kuifunga mpaka ikakubali kunguruma. Aliipangusa kwa kitambaa laini kuliko kanga ya mkewe, ndipo mkewe akaipa jina: mke mwenza. Mume alipofariki, wajane wawili wakabaki kulishana. Huyu alitoa dizeli, yule akatoa unga.

Juzi kikao cha ukoo kiliamua kuwa mali ya baba ni ya mwana. Mwana amepata chumba kando ya barabara kuu, huko kwa wakwe zake. “Mama, umechoka,” alimwambia mbele ya baba zake wakubwa. “Pumzika sasa.” Hakuna aliyemuuliza mama kama amechoka.

Sasa kijana alipitisha kamba moja juu ya injini, akaizungusha kwenye bomba la moshi, akafunga fundo la kufungia mbuzi.

Spana akacheka. “Bwana mkubwa, hizo ni kilo mia tatu, si godoro.”

“Mwenye mzigo ni mimi.” Akaingia kwenye gari, akaliwasha.

Mama alikuwa ameliona fundo lile. Alijua pia kuwa bomba lile lina ufa, uliozibwa na mumewe kwa mkono wake. Kwenye mteremko wa kwanza lingekatika. Moyo ukamwambia: nyamaza. Kisichobaki kwako, kwa nini kifike kwake? Kianguke, kipasuke, mkose wote. Akameza mate, yakashuka matamu.

Lakini injini haiangukii nyuma tu. Dereva akikanyaga breki, gari husimama, chuma husonga mbele. Akakitazama kioo cha nyuma. Hapo palikuwa na kisogo cha mwanawe, na kile kikovu alichokipata akijifunza kutambaa chini ya injini hiyo hiyo.

“Zima gari.”

“Mama, tusianze tena...”

“Zima, nimesema. Spana, inyanyue.”

Akapanda mwenyewe juu ya pikapu, gauni amelikunja magotini. Alitandika tairi kuukuu lisilo na upepo, injini ikashushwa juu yake, imeegemea ukuta wa mbele wa bodi hata kidole kisipite. Akafungua koki, akakinga dizeli iliyobaki kwenye kopo. Akagonga kabari za mbao pande zote. Kisha kamba nne, kila moja kutoka mguu wa injini hadi kulabu ya pembeni, zikapishana, bomba hakuligusa. Kila kamba aliivuta mpaka ikalia.

“Kamba hulegea ikitikiswa,” alisema akishuka. “Ukifika kwenye daraja dogo, simama, zikaze zote nne.”

“Nimekusikia, mama.”

“Juzi hukunisikia.”

Kijana aliangalia viatu vyake. “Nitakuwa nakuletea unga,” akasema.

Spana akageuka kando, akaanza kukunja mnyororo wake uliokwisha kukunjwa.

“Nenda,” alisema mama. “Jua linapanda.”

Kutoka mlangoni daraja linaonekana. Pikapu ilipofika, taa nyekundu zikawaka, ikasimama. Kijana akashuka, akazunguka, akavuta kamba moja baada ya nyingine, zote nne. Halafu akaipiga injini ubavuni kwa kiganja, polepole, vile vile alivyokuwa akifanya baba yake. Akapanda. Hakutazama alikotoka.

“Shoga, leo mbona kimya?” Jirani alikuwa ametua ndoo ya mahindi kizingitini, anajipangusa jasho. “Au nimewahi sana? Niwekee foleni basi.”

Mama aliinyanyua ndoo kwa mikono miwili yenye alama za kamba. Akaingia nayo ndani, akaiweka mahali pa wa kwanza, karibu na zile bolti nne za injini zilizobaki zimesimama sakafuni.