Kalamu Zisizoteleza

Kila asubuhi, kabla mabati hayajaanza kuchoma, Pélagie alikaa mlangoni mwa karakana ya tonton wake Alphonse, mdogo wa baba yake, akizipaka kalamu za ofisi ya serikali verni ya kung'arishia mti. Tonton alizichonga kwa mti mweusi na kuzitia nibu ya chuma. Kuzing'arisha ilikuwa kazi ya Pélagie. Alifunga pamba ndani ya kitambaa, akakilowesha verni, akakidondoshea tone la mafuta, kisha akakizungusha juu ya mti, tabaka juu ya tabaka. Sharti lilikuwa moja: kitambaa kisisimame. Kikisimama hata kwa pumzi moja, kinaacha alama.

Jumanne moja René, karani wa mzungu mkuu wa ofisi hiyo, alifika, tai shingoni.

"Tonton, barua ya Papa Wenceslas imerudi. Bwana administrateur amekatala."

Mkono wa Pélagie ukasimama.

Wenceslas alikuwa baba yake. Huu ulikuwa mwaka wa tatu amewekwa kambi ya mbali, kwa kuwa alisema mbele ya watu wa Banalia kwamba pamba ni ya yule aliyeilima. Pélagie alikuwa ameomba mara nne arudishwe. Barua aliziandika mwenyewe, kwa herufi alizozipata kabla baba hajachukuliwa na shule haijakatika.

Alipoinua kitambaa, pale kiliposimama palikuwa na uso wa baba yake, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Alikuwa amekonda.

"Hii iko nini?" René aliuliza.

"Iko papa yangu."

"Naona vile iko papa yako. Bwana anataka kalamu safi. Mutoe."

Pélagie alisugua kwa msasa, akapaka upya. Kila tabaka lilimleta baba karibu zaidi. La tano lilimwonyesha mpaka mabegani. La sita lilionyesha kovu jipya shingoni. Katika la saba pua ilitokeza juu ya mti, na baba akakohoa. Tonton Alphonse alifungua dirisha, maana verni mbichi hukwaruza koo.

"Yaya, umekula?" alimuuliza kaka yake.

"Bado," kalamu ilijibu.

Ijumaa Pélagie alivaa nguo ya kanisa, akaipeleka kalamu ofisini pamoja na barua ya tano. Hakuwahi kusema na mzungu. Aliiweka kalamu mezani mbele yake.

"Bwana, huyu ndiye mwenye barua. Umwangalie basi."

Administrateur alimwangalia Wenceslas. Wenceslas naye alimwangalia. Mzungu alimfuta kwa leso, akachovya nibu katika wino, akaweka kidole gumba juu ya pua yake, akabana.

"Muzuri," alisema. "Ile ya zamani ilikuwa nateleza mu jasho. Hii iko na fasi ya kushika."

Akaandika chini ya barua: *Refusé*, imekataliwa. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Chini ya kidole, mdomo wa baba ulikuwa umezibwa.

"René, waambie watengeneze kumi na mbili zingine kama hii."

René aliandika.

Jumatatu Pélagie alifunga pamba mpya kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma. Nje ya karakana wanawake kumi na wawili walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kopo la chakula. Watu wao walikuwa wamechukuliwa kama Wenceslas, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi. Pélagie alianza kuzungusha kitambaa juu ya mti.

"Mama Germaine," alimwambia wa kwanza, "wako anaitwa nani?"

Mama Germaine akataja jina. Pélagie akasimamisha mkono.