Watu wa Marzouq

Marzouq alianguka harusini Sur, mwezi wa tatu mwaka 1997, ngoma ikiwa mkononi na ubeti haujesha. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukafungika. Hospitali walikaa naye wiki tatu, kisha wakamrudisha kwao Samad Ash Shan, kwenye vyumba viwili vilivyo nyuma ya nyumba ya kaka yake, Saud.

Mimi ni fundi wa kushona. Nakaa Ibra na Fawziya, ambaye majirani wanamwita binamu yangu, nasi hatujawasahihisha. Sote wawili wa Unguja, tulikuja huku kwa Waarabu bado wasichana. Marzouq alizaliwa papa hapa. Babu zake waliletwa kutoka bara kwa nguvu, na Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, pamoja na nusu ya nyimbo zake. Alikuwa mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, kanzu yake ya dishdasha rangi ya waridi, udi ukimtangulia kama bibi harusi. Watu walimwita khanithi mbele ya uso wake, wakamwita aje kuwaimbia, kisha chakula wakamtilia sahani ya peke yake. Yeye akicheka tu.

"Bi Ghalia," aliniambia siku moja, "hawa wanaoona haya kula na mimi, laiti wangejua nani katika watoto wao huja kulia kwangu!"

Nikamwuliza nani. Akanitazama kama nimemtukana. Jina la mtu halikumtoka kamwe. Ndiyo maana mimi na Fawziya tuliamini kwamba mkoa mzima wa Sharqiyah watu wa namna yetu tupo sisi wawili na yeye.

Tulipokwenda kumtazama tulimkuta peke yake. Mgongo umeshaanza kuchubuka. Gilasi ya maji imewekwa upande wa mkono usiofanya kazi. Fawziya akaisogeza, Marzouq akanywa, machozi yakamtoka bila sauti.

Jumatano ile nilikwenda sokoni kama kawaida. Siku hiyo soko la Ibra ni la wanawake watupu, na hapana barua inayokwenda mbio kama neno lililotoka pale. Nikamwambia Buthaina, anayeshuka na samli kutoka Dima wa Tayyin: "Marzouq hawezi. Anayempenda aje, achukue siku yake ya kumwuguza." Nikawaambia na wauza papa mkavu kutoka Sur. Sikuongeza neno.

Wa kwanza alikuwa Nadhir, makanika wa Firq, kucha zimejaa grisi. Alikuja na kitanda cha chuma alichokichomelea mwenyewe, chenye magurudumu na sehemu ya kuinua kichwa. Wa pili alikuwa Alya, mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana huko Sur, mwanamke ambaye mimi ningemwamkia kwa woga. Walikutana mlangoni, yeye na Nadhir, wakatazamana kama wezi wawili waliogongana gizani.

"Na wewe?" akauliza Alya.

"Na mimi," akajibu Nadhir.

Basi. Alya akakunja mikono ya abaya yake akaenda kuchemsha maji.

Nikanunua daftari la skuli nikaandika zamu: nani anakuja Jumapili, nani anamwosha, nani anapika, nani anajua kumnyoosha misuli. Kila wiki likaja jina jipya. Wengine hawakutaka kuandikwa, wakachora alama: nyota, jani, sindano. Kila aliyeingia aliwakuta wenzake, akasimama kizingitini akashika kifua. Nami kila mara sikujua nifurahi au niogope.

Mwezi wa sita Saud alikuja, hakukaa.

"Majirani wanauliza habari ya magari haya," alisema. "Nina mabinti wa kuposwa. Alkhamisi nataka vyumba vyangu. Na nyinyi ni nani kwake, hata mje mnaingia na kutoka?"

Fawziya, ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, hakuipaza. "Sisi ndio tunaomgeuza kitandani, Bwana Saud. Wewe ni nani kwake?"

Saud akageukia mlango. Kisha akasema tena, "Alkhamisi," akatoka.

Nadhir alikuwa na nyumba yake Firq, ina chumba kitupu. Tukakubaliana aje na pikapu. Nilipeleka neno kwa wenye zamu ya wiki ile tu, wasije kupoteza safari.

Alkhamisi asubuhi nilikuwa nje nakunja shuka. Niliona vumbi upande wa wadi, lile bonde kavu la mto. Pikapu ya Nadhir ikatokea, nyuma yake gari jengine, na jengine, zinashuka taratibu, zinapinda kwenye mitende, na kule juu bado zinatokea. Nilihesabu mpaka ishirini na mbili nikapoteza hesabu. Akashuka mzee mfua fedha wa Nizwa. Akashuka askari aliyevaa kiraia. Akashuka bibi mwenye mkongojo, mkono kwa mkono na bibi mwenziwe. Watu ambao daftari langu halikuwajua. Kila mmoja akasema salamu alekum, kwa sauti ndogo, kama wanaingia msikitini.

"Ya Rabbi," nikasema. "Hawa wote walikuwa wapi?"

Wanaume sita wakakinyanyua kitanda na mtu wake. Saud alisimama mlangoni kwake akitazama. Nje, juani, Marzouq akageuza kichwa. Akatazama upande huu, akatazama upande ule. Miezi mitatu alikuwa hajatamka neno.

"Mme... juana," akasema.

Hapo ndipo nilipofahamu. Miaka ishirini alikuwa ametubeba mmoja mmoja, kila mtu na siri yake, asimwonyeshe yeyote mzigo ulivyo mkubwa. Watu wazima wakalia pale, waziwazi, mbele ya nyumba ya Saud.

Aliishi Firq miaka minne. Alirudi kusema, ingawa polepole, na alikuwa akitukosoa tukiimba vibaya. Alipofariki, wanaume wetu walimwosha, wakamsalia, wakamzika.

Mwaka 2003 Alya alivunjika nyonga. Nilifunga duka nikakimbilia Sur, njia nzima nikiwaza nimwite nani. Niliingia jikoni kwake nikakuta wasichana wawili ambao sijapata kuwaona, daftari jipya la zamu wameshalifungua mezani, wanabishana kama uji wa mgonjwa utiwe chumvi au usitiwe.